Kelele ndani ya sinema: sema mapema, sema mara moja, kisha mwachie mwenye ukumbi

SWALI: "Mimi na mke wangu tuna desturi ya kwenda sinema Jumamosi moja kila mwezi hapa Nairobi. Mara ya mwisho vijana wanne walikaa nyuma yetu. Tangu trela hadi katikati ya filamu walikuwa wakiongea. Mmoja akapokea simu, mwingine akainua yake akawa anarekodi skrini ili aweke kwenye stetasi. Niliwafanyia 'shhh' mara tatu, wakacheka. Mwishowe niligeuka nikawaambia wanyamaze kama walifunzwa adabu. Tukajibizana, ukumbi mzima ukatuangalia, mke wangu akaona haya mpaka tukatoka kabla filamu haijaisha. Muda wote huo hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyeingia. Tikiti mbili na bisi zilinigharimu zaidi ya shilingi elfu mbili. Je, nilikosea? Naweza kudai pesa zangu? Au nikubali kwamba adabu imekwisha, niwe natazama nyumbani? Nina miaka 54, na nikiri kwamba siku hizi mtu akinong'ona tu karibu nami napoteza maneno ya filamu."

JIBU: Ndugu msomaji, kukasirika hukukosea. Ulipokosea ni kwenye mpangilio: ulivumilia muda mrefu mno, ukatumia ishara mahali pa maneno, na maneno yenyewe yalipotoka yalikuwa ya kugombeza. Mtu akifuata mpangilio huo karibu kila mara huishia pale ulipoishia. Swali lako lina mambo kadhaa ndani yake, na sentensi ya mwisho, uliyoitaja kama ya pembeni, ndiyo sitaki uipuuze. Nitaifikia.

Nianze na wafanyakazi, kwa sababu wengi hudhani uongozi uliona fujo ukanyamaza. Enzi za mikanda ya milimita 35 palikuwa na mtu chumba cha projekta, na kidirisha chake kilitazama ukumbini. Siku hizi filamu ni faili kwenye seva. Ratiba ya siku nzima hupangwa mapema, taa hufifia zenyewe, trela huanza zenyewe, na chumba cha projekta mara nyingi hakina mtu. Mhudumu mmoja huweza kuwa na kumbi tatu au nne mikononi mwake, huku akikagua tikiti mlangoni na kufagia bisi za onyesho lililopita. Kwa hiyo usipotoka kumwambia mtu, chukulia kwamba hakuna anayejua. Kupunga mkono kuelekea chumba cha projekta, kama nilivyoona watu wakifanya, ni kupungia ukuta.

Halafu hili la adabu kwisha. Si kila sauti ndani ya sinema ni utovu wa nidhamu, na ukizipiga vita zote utachoka bure. Kwenye filamu ya Kihindi, nyota akitokea kwa mara ya kwanza watu hupiga mbinja na kuimba. Hiyo ni sehemu ya tikiti. Filamu ya kutisha bila mayowe haijakamilika. Kwenye vibanda vya video, kuanzia mitaa ya Dar es Salaam hadi Kampala, mtafsiri huongea juu ya filamu tangu mwanzo hadi mwisho na watazamaji humjibu. Watu waliokulia humo hawajakosa malezi, wamezoea ukumbi wa aina nyingine. Kipimo ninachopendekeza ni hiki: sauti inayotokana na filamu huisha tukio likiisha. Kicheko kinapita, mshtuko unapita. Maongezi ya nje ya filamu, kama harusi ya binamu, deni la nani, au "uko wapi, mimi niko muvi", hayana pa kuishia. Ya kwanza yaache. Ya pili yashughulikie. Katikati kuna kundi la kulitendea kwa upole: mtu anayemweleza mwenzake asiyeona kinachoendelea, mzazi wa mtoto mwenye usonji, au mtu anayetoa sauti bila hiari. Dakika mbili za kusikiliza kabla ya kugeuka zitakuonyesha tofauti.

Kwa nini maongezi ya watu wanne yaliharibu filamu inayotoka kwenye spika zenye nguvu kiasi kile? Sababu ni tatu, na ukizielewa utajua pa kukaa.

Kwanza, ukumbi wa sinema umejengwa uwe kimya. Zulia, viti vya kitambaa na paneli za ukutani humeza mwangwi, hivyo hakuna mvumo wa chini wa kuficha sauti ndogo kama ulivyo mkahawani. Mtu anayeongea kwa sauti ya kawaida mita moja kutoka sikioni mwako hufikia takriban desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kiasi cha kushindana na tukio la maongezi ya taratibu. Kuna jambo jingine watazamaji hawaambiwi. Prosesa ya sauti ya sinema, yaani kifaa kinachoongoza spika, ina kipimo ambacho 7 ndiyo sauti aliyoikusudia fundi aliyechanganya sauti za filamu. Kumbi nyingi hushusha hadi 5 au chini zaidi kwa sababu wapo wanaolalamika kwamba milipuko inaumiza. Kati ya 4 na 10, kila hatua moja ni desibeli 3.3 hivi, kwa hiyo kutoka 7 hadi 5 unapoteza karibu desibeli 7, na mara nyingi zinazozama ni sauti za waigizaji. Kumwambia meneja "sauti ya ukumbi namba 3 iko chini, hatusikii maongezi" ni malalamiko halali, na kurekebisha ni kazi ya nusu dakika.

Pili, ubongo haujui kupuuza maneno yenye maana. Mngurumo wa kiyoyozi utauzoea, lakini sentensi ya lugha unayoijua itakuvuta utake usitake. Simu ni mbaya zaidi, kwa sababu unasikia upande mmoja tu na akili inabaki ikibahatisha upande wa pili. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watu waliosikia nusu ya mazungumzo walifanya vibaya zaidi kwenye kazi za umakini kuliko waliosikia mazungumzo yote. Yule kijana aliyepokea simu alikukera kuliko wenzake watatu, na hukuwa unatia chumvi.

Tatu, na hii ndiyo yenye manufaa zaidi: mdomo una upande. Konsonanti nyembamba kama s, f na t huenda mbele ya msemaji na kufifia nyuma yake. Aliyekaa nyuma yako anatazama skrini, maana yake anaongea moja kwa moja kwenye kisogo chako. Aliyekaa mbele yako anaongea kuelekea skrini. Kwa hiyo ukiamua kuhama kwa sababu ya maongezi, usikimbilie mbele. Hamia nyuma yao. Pia sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu: kutoka mita moja hadi nne unapunguza 12, na tofauti hiyo utaisikia wazi. Safu za viti hupishana mita moja na kitu, hivyo safu tatu au nne zinatosha.

Kwa mwanga wa simu kanuni inageuka, hapo hamia mbele yao. Kiwango cha kimataifa cha weupe wa skrini ya sinema ni kandela (kipimo cha mwanga) 48 kwa kila mita mraba. Simu iliyowekwa mwanga wa juu hufika 500 bila shida, yaani mara kumi ya sehemu nyeupe kabisa ya skrini, na iko katikati ya giza ambalo macho yako huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea kikamilifu. Ndiyo maana anayeangalia "ujumbe mmoja tu" kwa sekunde tano huvuruga safu nzima zilizo nyuma yake wakati yeye mwenyewe haoni kosa.

Sasa cha kufanya. "Shhh" iondoe kabisa. Haina jina wala anwani, kila mtu huona inamhusu jirani, na mbele ya marafiki humlazimu kijana kuonyesha kwamba haogopi. Kicheko ulichokipata ndicho jibu lake la kawaida. Badala yake, wakiendelea kwa dakika tano hivi baada ya filamu kuanza, chagua tukio lenye kelele ili ukumbi usikusikie. Geuka nusu, mtazame aliye karibu nawe, si kundi lote, na umwambie kwa sauti ya chini jambo moja tu unaloomba: "Samahani kaka, sisikii filamu vizuri. Naomba mpunguze sauti kidogo." Kwa msichana ni "Samahani dada", kwa aliyekuzidi umri ni "Samahani mama" au "Samahani mzee". Kisha rudi kwenye skrini papo hapo. Usisubiri jibu, usimkazie macho. Sekunde kumi za kutotazamwa ndizo zinazompa nafasi ya kutii bila kuonekana ameshindwa. Maneno kama "adabu", "mzazi wako" na "mnajiona nani" yaache nyumbani, kwani yakitoka tu mada si kelele tena, ni heshima yake.

Ombi hilo ni la mara moja. Halirudiwi. Nasisitiza kwa sababu mara ya pili ndiyo hugeuka ugomvi, na wewe ndiye mwenye umri mkubwa: watu watakutazama wewe. Wakiendelea, toka ukamtafute mhudumu. Mwambie namba ya ukumbi, herufi ya safu, namba za viti na tendo lenyewe: "Ukumbi wa 3, safu ya J, viti 8 mpaka 11, wanaongea kwa sauti tangu mwanzo na mmoja amepokea simu." Herufi mara nyingi huwa kwenye taa ndogo za ngazini, na hata tikiti yako itakusaidia kuhesabu. Malalamiko ya "kuna watu wanapiga kelele" humfanya mhudumu achungulie mlangoni, akute kimya cha sekunde kumi, aondoke. Akiwa na namba za viti hupanda moja kwa moja hadi walipo.

Yule wa kurekodi mtaje waziwazi, kwa sababu hapo ukumbi una maslahi yake. Filamu za kidijitali hubeba alama isiyoonekana ndani ya picha na sauti, inayoonyesha ilionyeshwa kwenye projekta ipi na saa ngapi. Nakala ikivuja, msambazaji anaweza kujua ilitoka ukumbi gani. Meneja anayepuuza soga hapuuzi simu iliyoinuliwa, hata kama ni ya stetasi ya sekunde kumi na tano. Usizue jambo ambalo halikutokea, lakini lililotokea lisitajwe mwisho. Na kwa sababu iyo hiyo wewe usiinue simu yako kuwapiga picha kama ushahidi, maana mhudumu akiingia wakati huo mwizi wa filamu ni wewe.

Ukishatoa taarifa, usirudi kwenye kiti kile kile mpaka mhudumu amepita. Simama mlangoni, au kaa kwenye kiti kingine kilicho wazi. Januari 2014, huko Wesley Chapel, Florida, mwanamume mmoja alipigwa risasi akafa ndani ya sinema, katika ugomvi ulioanza na simu aliyokuwa akiitumia wakati wa trela. Aliyefyatua, askari polisi mstaafu, alikuwa ameshatoka kwenda kulalamika kwa uongozi. Aliporudi kitini maneno yakaanza upya, bisi zikarushwa, mtu akafa. Mwaka 2022 mahakama haikumtia hatiani, lakini hilo halikumrudisha aliyekufa. Hapa kwetu bunduki si kitu cha kawaida kwenye sinema, ila chupa na ngumi zipo, na kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinachohusu matusi na fujo za kuhatarisha amani hakiulizi nani alikuwa anatazama filamu kwa utulivu. Mkichukuliwa, mnachukuliwa wote. Ukisikia harufu ya pombe, ukiona kundi limesimama, au mtu akikutishia, ruka hatua ya ombi. Toka na mke wako, mwone mlinzi wa jengo, na ikibidi piga 999 au 112.

Kuhusu pesa, sitakupa matumaini ya uongo. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mteja haki ya huduma zenye ubora unaofaa, na ukumbi usiodhibiti fujo baada ya kuambiwa haujakupa ulichonunua. Neno zito hapo ni "baada ya kuambiwa". Wewe hukumwambia mtu, ukatoka, ukaenda nyumbani. Wakikujibu kwamba hawakujua, watakuwa wanasema kweli. Bado unaweza kuwaandikia ukitaja tarehe, saa ya onyesho, namba za viti na ujumbe wa malipo wa M-Pesa, ukiomba tikiti mbili za kurudi badala ya fedha taslimu. Tikiti haimgharimu meneja sana kwenye onyesho lenye viti vitupu, fedha inamhitaji aombe ruhusa juu. Siku nyingine ombi hilo lifanye papo hapo, katika nusu saa ya kwanza. Mtu aliyetazama hadi mwisho ndipo akadai arudishiwe, kwa meneja ameshakula ndizi na sasa anarudisha maganda.

Wapo wanaouliza kwa nini kumbi zetu hazifanyi kama Alamo Drafthouse, kampuni iliyoanzia Austin, Texas, mwaka 1997, ambako aliyeongea au kutumia simu alionywa mara moja, na mara ya pili alitolewa bila kurudishiwa pesa. Utaratibu huo ulisimama kwa sababu kule wahudumu walipita kwenye safu muda wote wakipeleka chakula, na kwa miaka mingi mtazamaji aliweza kuandika lalamiko kwenye karatasi ya oda bila kuinuka. Pasipo na mhudumu ndani, sheria kama hiyo inabaki maandishi kwenye skrini.

Kinachobaki mikononi mwako ni siku na kiti. Jumamosi jioni ya wiki ya kwanza ya filamu kubwa ndiyo saa mbaya kuliko zote, kwa kuwa vikundi vya marafiki huja wakati huo na wengi hawakuja kwa ajili ya filamu. Filamu hiyo hiyo Jumatatu hadi Alhamisi, au onyesho la kwanza la mchana, au ikiwa wiki ya tatu, utaikuta na watu wachache. Kama Jumamosi ndiyo siku yenu na hamwezi kuiacha, nendeni mchana. Kwenye ramani ya viti, vikundi hupenda safu mbili za nyuma kabisa. Ziache, pamoja na ile iliyo mbele yake. Mafundi hurekebisha sauti kwa kuweka maikrofoni takriban theluthi mbili ya umbali kutoka skrini hadi ukuta wa nyuma, katikati, kwa hiyo eneo hilo ndilo lenye sauti iliyo sawa. Mimi ningechukua safu hiyo lakini upande wa njia. Sauti inapungua ubora kidogo, ila unaweza kutoka kumwita mhudumu bila kukanyaga miguu ya watu kumi. Na wimbo wa taifa unapochezwa, mkiwa mmesimama, tazama nyuma yako uone nani kakaa wapi. Kuhama kabla filamu haijaanza hakumuudhi mtu.

Kutazama nyumbani ni chaguo halali, silidharau. Lakini kwa mtu mwenye desturi ya kila mwezi na mke wake, kuiacha kwa sababu ya vijana wanne ni bei kubwa mno, hasa kabla hujajaribu kutoa taarifa hata mara moja.

Sasa ile sentensi ya mwisho. Kupoteza maneno mtu akinong'ona karibu, katika umri wa miaka 54, huenda kusiwe kosa la mnong'onaji peke yake. Usikivu unaopungua kwa umri huanza kwenye sauti nyembamba, zile zile s, f na t zinazotofautisha neno na neno, wakati irabu nene unaendelea kuzisikia vizuri. Ndiyo maana mtu husema "nasikia sauti lakini sielewi wanachosema", na kwa wengi dalili ya kwanza hujitokeza penye kelele, si penye utulivu. Jiulize kama unakwama vivyo hivyo kwenye matatu, kanisani au msikitini, au mezani watu wanapoongea wawili wawili. Kama jibu ni ndiyo, nenda kwenye kitengo cha masikio, pua na koo. Omba kwanza wakuangalie nta, ambayo peke yake inaweza kuwa ndiyo sababu, kisha kipimo cha usikivu pamoja na kile cha kuelewa maneno katikati ya kelele. Kaa mbali na makelele makubwa tangu jana yake, saa 14 au zaidi, la sivyo majibu yatadanganya. Sikio moja likiziba ghafla, ndani ya saa au siku chache, hilo si la kungoja miadi: nenda siku hiyo hiyo, kwa sababu matibabu yake hufaa zaidi yakianza mapema.

Ikiwa kinachokusumbua si maneno unayopoteza bali hasira yenyewe, yaani hata mtu akitafuna bisi taratibu moyo unakwenda mbio na unatamani kuinuka, hiyo huitwa misofonia. Zungumza na mwanasaikolojia. Kuhama viti hakutaiondoa.

Kwenye kipimo cha masikio nenda na mke wako. Mpimaji atauliza kama televisheni nyumbani imepandishwa sauti na kama unaomba watu warudie maneno, na maswali hayo mwenzako huyajibu kwa usahihi kuliko wewe.